Gari la Mwaka 1966 na Swali la Faida

Kuna swali ambalo Watanzania wa rika langu tumelelewa kuliuliza mbele ya kila kitu: kina faida gani? Tunaliuliza mbele ya shahada ya falsafa, mbele ya diwani ya mashairi, mbele ya wazee wanaocheza bao saa nne asubuhi. Ni swali zuri. Nchi maskini isiyouliza shilingi yake imekwenda wapi haitafika mbali. Lakini swali hilo likiulizwa na watu wasio na subira hugeuka kuwa panga, na panga mikononi mwa mtu mwenye haraka hufyeka gugu na mche kwa pamoja. Jambo hili limenishughulisha kwa miaka kadhaa, na lililonifungulia mjadala wake ni gari.

Gari lenyewe ni MGB, gari la michezo la viti viwili, lisilo na paa la bati, lililoundwa Abingdon, Uingereza, mwaka 1966. Nililinunua kutoka kwa familia moja ya Chang'ombe iliyolirithi na kuliacha uani chini ya turubai kwa miaka mingi. Nyumbani kwangu Boko lipo gari jingine, Toyota iliyotumika ya kutoka Japani, ambayo inapeleka watoto shule na kunifikisha darasani kwa wakati. Hiyo MGB hainifikishi popote kwa uhakika. Ninayo kwa raha tu. Neno hilo nimeliandika kwa makusudi, nikijua kwamba wasomaji waliozoea kunisoma nikijadili katiba, bajeti na ajira za vijana watakunja uso.

Wacha nieleze uhalisia wake, ili asiwepo wa kudhani kwamba ninapamba. Nati zake zimepimwa kwa inchi, kwa hiyo spana za milimita zilizojaa katika gereji zetu hazizikai vizuri. Zinakula kona za nati mpaka inakuwa duara. Umeme wake umegeuzwa: upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari karibu yote yanayotembea Dar es Salaam leo, na fundi asiyelijua hilo anaweza kuunguza kifaa kwa dakika moja. Betri zenyewe ni mbili, za volti 6 kila moja, zimefichwa nyuma ya viti mahali ambapo mkono haufiki bila ya mtu kupiga magoti. Pampu ya mafuta ni ya umeme nayo hulia tik-tik-tik. Ikinyamaza, tiba yake ya kwanza ni kuigonga kwa nyundo ndogo. Vifaa vya umeme vya magari haya vilitoka kwa kampuni ya Lucas, ambayo Waingereza wenyewe, kwa mzaha, humwita mwasisi wake Mfalme wa Giza.

Safari yake ya kawaida ni kutoka Boko kwenda Tandika, kwa fundi. Nashuka Barabara ya Bagamoyo hadi Mwenge, naingia Sam Nujoma, napita Ubungo, kisha Mandela hadi TAZARA. Njia ikiwa nyeupe, hakuna kitu kitamu kama hicho: kiti kiko karibu na lami kiasi kwamba mwendo wa kilomita 60 kwa saa unahisi kama 120, na upepo unakuletea harufu ya mihogo ya kukaanga kabla hujauona moto wa mkaangaji. Foleni ikianza, kwa kawaida Buguruni, mshale wa joto la injini unaanza kupanda. Hapo dereva anayelijua gari hili huwasha hita. Ndiyo, hita, katika jiji hili, mwezi Februari, ili joto litoke kwenye injini na kumwangukia yeye magotini. Madereva wa daladala hucheka, na wana haki ya kucheka.

Nakutana na pingamizi mbili, na zote mbili zinastahili jibu la heshima.

Ya kwanza inasema kwamba hii ni anasa, na anasa katika nchi yenye akinamama wanaojifungulia mbali na zahanati ni aibu. Pingamizi hili lina historia ndefu kwetu. Gari langu lilitoka kiwandani miezi michache kabla ya Azimio la Arusha la Februari 1967, lililowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa na kupangisha nyumba. Afrika Mashariki nzima ilikuwa tayari imewabatiza wakubwa wapya jina la Wabenzi, na kila mtu alielewa bila kufafanuliwa. Kisha ukaja uhaba wa mafuta, na wazee wetu wanazikumbuka Jumapili ambazo, ikifika saa nane mchana, gari binafsi halikuruhusiwa kuonekana barabarani bila kibali.

Naiheshimu amri ile. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, na lita moja ya petroli ilihitajika zaidi kwenye lori la mahindi. Hata hivyo tazama saa iliyochaguliwa. Jumapili alasiri ndiyo saa ambayo mtu haendi kazini wala sokoni; anakwenda kumwona shangazi Kigamboni, au anakwenda tu. Dola ilipolazimika kukata, ilikata raha kwanza, kwa kuwa raha haikuwa na mtetezi. Dharura ile ilipita, lakini mazoea ya kuiona raha kama kitu cha kukatwa kwanza yalibaki, nayo yamehamia kwenye shule zisizo na viwanja vya michezo na kwenye mitaa ambayo uwanja wa wazi wa mwisho umegawanywa viwanja vya kuuzwa.

Nasi tunasahau kwamba mwasisi wa siasa yetu ya kujinyima hakuishi bila mchezo. Mwalimu Nyerere alipenda bao. Mwaka 1963, akiwa na taifa la miaka miwili mikononi, tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, *Julius Caesar*, ilichapishwa. Ukiuliza faida ya kazi ile kwa kipimo cha mwaka ule, hutaipata katika hesabu yoyote ya wizara. Aliifanya kwa kuipenda lugha, na akataka kuona Kiswahili kinaweza kubeba mzigo gani. Anasa ninayoipinga mimi ni ile inayonunuliwa ili jirani ajione mdogo. Gari linalosukumwa na vijana wa bodaboda mbele ya kituo cha mafuta halimfanyi jirani ajione mdogo. Mara nyingi linamfanya afurahi sana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na huletwa na wanafunzi wangu: je, si ukoloni unaokusumbua, Dokta? Mwafrika mwenye shahada ya uzamivu anayebembeleza gari la Mwingereza anatamani nini hasa? Nawajibu kwa historia. Viwanda vilivyounda magari haya viliunganishwa mwaka 1968 kuwa British Leyland. Mwaka 1975 serikali ya Uingereza ililazimika kuichukua kampuni hiyo ili isife. Mwaka 1980 kiwanda cha Abingdon kikafungwa. Leo jina la MG ni mali ya Wachina wa SAIC, na tangu 2008 Jaguar na Land Rover ni mali ya Tata ya India, nchi iliyotawaliwa na hao hao Waingereza. Anayetafuta fahari ya himaya katika gari hili ameshika mkia wa nyoka aliyekwisha kufa.

Tena, gari likishavuka bahari halibaki kuwa la aliyelitengeneza. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, lakini watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika waliokuwa wakijipanga kando ya barabara hawakwenda kumtazama Malkia. Walikwenda kuona magari ya wenyewe yakishindwa na matope yetu. Mwaka 1968 zaidi ya magari 90 yaliondoka na 7 tu yakamaliza. Miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyeishi Dar es Salaam, akiendesha Peugeot 404. Na Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kuukuu kutoka kila pembe, katika tamasha lao. Hakuna aliyekuja pale kuililia Uingereza. Walikuja na gari lililomfikisha mwalimu kijijini, lililobeba maiti ya babu kutoka hospitali, lililofufuliwa mara kumi na fundi wa mtaani. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake *African Motors* cha mwaka 2021, anaipa gereji ya Mtanzania nafasi yake stahiki katika historia ya gari. Mimi naliamini hilo kwa sababu namjua mmoja wa watu hao.

Fundi wangu amepita miaka sabini. Alianza mwaka 1968 kama kijana wa kupitisha spana katika gereji ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Gereji yake ya sasa iko chini ya mwarobaini, Tandika: benchi la mbao, winchi ya mnyororo, na sanduku la spana za inchi ambalo hamwachii mtu kulibeba. Injini yangu ina kabureta mbili, na lazima zivute hewa kwa kiasi kilekile. Wenye vyombo vya kisasa hupima kwa saa maalumu. Yeye huchukua kipande cha mpira, upande mmoja sikioni, upande wa pili kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza. Anasikiliza, anahamia ya pili, anageuza skrubu robo mzunguko, anarudia. Siku moja alinipa ule mpira.

"Sikiliza, Dokta. Unasikia nini?"

"Nasikia upepo tu, Mzee wangu."

"Rudi tena kwenye ya kwanza. Upepo una sauti nene na sauti nyembamba. Tunazitafutia sauti moja."

Nilihitaji kuja Jumamosi tatu ndipo nikaweza kutofautisha. Kijana wake wa miaka kumi na tisa, aliyefeli kidato cha nne na ambaye mfumo wetu wa elimu umekwisha kumwandika kuwa si kitu, aliweza kwa Jumamosi moja. Kijana huyu amejifunza ndani ya MGB yangu vitu ambavyo hawezi kujifunza katika gari jipya, ambamo kila kosa limefungiwa ndani ya kompyuta na ufunguo wake unauzwa na wakala. Humu hakuna kilichofichwa. Anaona cheche, anaona petroli, anaona kwa nini upande chanya ukigeuzwa mkondo unageuka. Kipande kikikosekana, na hukosekana mara nyingi, anapima kilichokufa, anakwenda kukereza kingine. Nchi hii iliwahi kuthubutu kuunda lori lake, Nyumbu, kule Kibaha. Watu wa namna ile hutoka mahali ambapo kijana anaruhusiwa kufungua kitu, kukiharibu na kukifunga tena bila abiria kumpigia kelele kwamba anachelewa kazini. Toyota yangu haiwezi kumpa nafasi hiyo, maana Jumatatu naihitaji. Gari la raha linaweza kusubiri, na katika kusubiri kwake kuna shule.

Mwaka huu fundi amepewa barua ya kuondoka. Mji unapangwa upya, barabara zinapanuliwa, na eneo lake limeelezwa kuwa si rasmi, linachafua mandhari, wala halina tija inayoonekana. Nimeisoma barua hiyo mara mbili. Sipingi kila kilichomo. Mafuta machafu yamemwagwa kwenye udongo ule kwa miaka, na hilo lazima likome. Mabasi yaendayo haraka ya Mbagala ni jambo jema, na mji usiopangwa huwaumiza maskini kuliko wote. Linalonisumbua ni lile neno tija, kwa kuwa ni swali lile lile la faida ambalo majirani huniuliza wakicheka, ila kwa fundi limekuja na tarehe. Mimi nikishindwa kulijibu, sipotezi kitu. Yeye akishindwa, sanduku la spana litakwenda kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, na kijana ataendesha bodaboda.

Nina mapendekezo matatu kwa wanaopanga miji yetu. Wanapoiondoa gereji ya mtaani, waonyeshe kwanza kiwanja cha kuhamia, chenye sakafu ya zege na shimo la kukusanyia mafuta machafu, ndani ya umbali ambao wateja wataufikia. Pili, upo utaratibu kupitia VETA wa kuutambua ujuzi uliopatikana kazini na kuutolea cheti. Mkaguzi amfuate mzee chini ya mwarobaini, asingoje mzee aende ofisini na fomu. Tatu, kabla ya kuandika kwamba mahali hapana tija, atumwe mtu kukaa hapo Jumamosi tatu.

Nimemwambia fundi kwamba nitaandika. Akaniuliza kama maandishi yataongeza muda. Nikamjibu sijui. Akafunga boneti, akajifuta mikono, akaniambia nisizime injini nikifika TAZARA, pampu haijamridhisha bado.