Mama na pindo la kitenge

Wamama wenzangu, juma lililopita mwandishi wa vitabu alitembelea darasa langu la sekondari, hapa Bukavu. Wanafunzi walimsomea hadithi zao. Kila moja ilisema: "Mama alihuzunika sana." Mimi, na diploma yangu ya ISP, nilikuwa naziwekea alama nzuri. Yeye akauliza: "Mikono ya huyo mama ilikuwa inafanya nini?"

Msichana mmoja akaandika upya. Mama anarudi toka soko la Kadutu, anafungua pindo la kitenge, anahesabu feza ya minerval mara mbili. Halafu anatoa kidogo, ananunua unga. Kesho yake mtoto anafukuzwa darasani.

Majina alikuwa ameyabadilisha yote, kama alivyofundishwa: hadithi ni ya kutunga, kwa hiyo sema bila woga. Lakini mwalimu wa hadithi ile alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi mwekundu. Kama yangu.

Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Ni mimi niliyesoma majina ya wasiolipa, na jina lake lilikuwamo. Siku zote najiambia kwamba orodha inaandikwa ofisini, mimi nasoma tu.

Jumatatu orodha nyingine ilifika. Iko bado katika mkoba wangu.