Miji ya Ugenini ya Binti wa Mtoni

Daladala ya Bububu, namba 502, hutoka mjini Zanzibar na kushika njia ya kaskazini; kabla hujakaa sawa, umeshafika Mtoni. Nilishuka hapo na dada yangu na wanawe wawili, waliokuja likizo kutoka Ujerumani. Wamehama sana wao: Hamburg, Bremen, Rotterdam, kisha Hamburg tena, kila mara wakifuata kazi ya shemeji. Nilitaka waone alikozaliwa mtu aliyewatangulia katika njia hiyo.

Kasri ya Mtoni sasa ni magofu: kuta nene za mawe zisizo na paa, hamamu, na bahari mbele yake. Hapa, Agosti 1844, alizaliwa Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, Said bin Sultan. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anausimulia ua uliojaa tausi, mbuni na paa. Anasimulia pia alivyojifunza kuandika kwa siri, akinakili maneno ya Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

“Kwa nini kwa siri, mjomba?” aliuliza mpwa wangu wa kike.

“Wasichana wa enzi ile walifundishwa kusoma tu, mwanangu. Kuandika walikatazwa.”

Aliugusa ukuta, akanyamaza.

Mkasa wa Mji Mkongwe wengi wanaujua. Salme alipendana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, akashika mimba, na Agosti 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko alibatizwa Emily, wakaoana mwaka 1867, wakaenda Hamburg. Wasimuliaji wengi huishia hapo, kwenye mapenzi. Mimi naona kilichofuata ndicho kizito. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu: Antonie, Rudolph, na Rosalie aliyekuwa bado mchanga. Mama huyo akahama nao mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, na kufundisha Kiarabu ili apate riziki.

Dada alikuwa amekaa juu ya jiwe, kivulini. “Watu wa hapa wanadhani tunatembea,” alisema. “Kila mji unaanza upya: wapi unapata mchele unaoupenda, mwalimu gani atamvumilia mwanao asiyejua lugha, jirani gani utamwachia ufunguo. Na mimi nina mume. Yeye alikuwa peke yake.”

Mwaka 1875 Salme alisafiri hadi London aliposikia kaka yake, Seyyid Barghash, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar wakati huo, yuko huko. Mwanadiplomasia wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alimshawishi asionane naye, kwa ahadi kwamba wanawe wangeangaliwa. Ahadi haikutimizwa. Mwaka 1885 alirudi Unguja na wanawe katika meli ya Wajerumani. Wenyeji wakamkusanyikia njiani kumsalimu, kaka yake akakataa kumpokea. Alijaribu tena 1888, bila mafanikio. Baadaye aliishi Jaffa na Beirut hadi 1914. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg.

Dada amewahi kulizuru kaburi hilo. Alinieleza pia habari ya uwanja mmoja wa Hamburg uliopewa jina la Emily Ruete mwaka 2019, kisha jina likaondolewa kwa sababu ya maandishi yake ya kutetea utumwa. Naona walifanya haki. Kasri hii tuliyokuwa tumesimama ndani yake ilijengwa na kulishwa kwa jasho la watumwa, na wapwa zangu niliwaambia hivyo bila kuficha. Uchungu wa mjane yule ugenini ni wa kweli, na uchungu wa waliomtumikia Mtoni ni wa kweli zaidi, kwa kuwa wao hawakuachiwa kitabu cha kuusemea.

Tulipokuwa tukingoja daladala ya kurudi mjini, mpwa wangu wa kiume alimuuliza mama yake kama Salme aliwahi kuzoea kule. Dada alimjibu, “Aliishi. Kuzoea ni jambo jingine.”

Nanyi mnaoishi Ulaya na kuleta watoto likizo, msiishie Forodhani na fukwe za Nungwi. Wapelekeni Mtoni wakati kuta bado zimesimama, na muwasimulie kisa chote, pamoja na sehemu zake chungu.