Kijiko cha Hetri

Watoto, wengi wenu mmeishika ile randa kubwa ya mti iliyo katika kiwanda chetu cha useremala. Mmeniuliza ni mti gani, maana haufanani na mvule. Ni mti wa Ulaya. Kwa Kifaransa jina lake ni hêtre. Sisi tuseme hetri.

Nilipokuwa kijana nilitumwa Ubelgiji kujifunza useremala. Nyumba yetu ilikuwa karibu na mwitu wa Soignes, kando ya mji wa Brussels. Hetri nyingi za mwitu ule zilipandwa mwishoni mwa karne ya 18, wakati Waustria walipoitawala nchi ile. Shina la hetri ni laini, la rangi ya majivu, mfano wa mguu wa tembo, na nyingine hupita mita 40. Majani yake huzuia jua hata chini hapaoti vitu vingi. Ukipita humo mwezi wa saba, huoni ila kivuli cha kijani, husikii ila nyayo zako. Lakini mizizi yake haiendi chini sana. Pepo kali za mwaka 1990 ziliangusha hetri nyingi mno.

Mbao zake ni nyeupe zenye wekundu kidogo, ngumu, hazina harufu wala ladha. Kwa hiyo hufaa kwa vijiko, vibao vya kukatia nyama na meza za mafundi. Ukizitia katika mvuke wa maji moto hupindika, na zikikauka hubaki vile vile. Ndivyo Michael Thonet, fundi wa Vienna, alivyotengeneza kiti chake cha mwaka 1859, chenye vipande 6 tu. Mimi nilijaribu kupinda mara mbili, nikavunja mara mbili.

Siku moja fundi mkuu aliniagiza nitengeneze benchi la bustani kwa mbao za mwaloni. Mwaloni ulikuwa nyuma ya ghala, chini ya mbao nyingine nzito. Hetri ilikuwa mlangoni. Nikachukua hetri. Nilichimbia miguu ya benchi ardhini, nikalipaka rangi ya kahawia, nikanyamaza.

Sasa sikilizeni. Ndani ya nyumba hetri hudumu sana. Nje ni shauri lingine. Hunywa maji kama kitambaa, tena haina ile dawa kali inayoulinda moyo wa mwaloni. Ukungu huila upesi. Ikichimbiwa ardhini, miaka 5 ni mingi. Benchi langu lilisimama 3.

Aliyelikalia siku ile alikuwa mzee mtunza bustani. Mguu mmoja ulikatika kama muhogo uliooza. Mzee aliangukia mkono wake wa kuume, mfupa ukavunjika. Watu walisema benchi limezeeka. Mimi peke yangu nilijua sababu. Siku mbili sikuweza kula vizuri. Siku ya tatu nilimwendea, nikamweleza yote: ghala, uvivu, na ile rangi.

Mzee alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akauliza, «Na ubao wa kukalia, umeoza nao?»

«Hapana, mzee. Ule ni mzima.»

«Basi nichongee kijiko kinachofaa mkono wa kushoto. Hiki cha chuma kinaniponyoka.»

Nilimwambia na fundi mkuu. Yeye hakuwa mpole hivyo. Alinifanya nihamishe mbao zote za mwaloni, moja moja, kutoka nyuma ya ghala mpaka mlangoni.

Mzee alikula kwa kijiko kile majuma mengi. Mkono ulipopona alinirudishia, kimeoshwa na kufungwa katika gazeti. Ninacho hapa hata leo, nacho ndicho ninachokulia uji asubuhi. Usiku nakitundika kwenye waya, mchwa wasikifikie.