Vilango vya Himalaya

Wasomaji wetu, jina la Himalaya mmelisikia shuleni, na wengi hudhani ya kuwa ni mlima mmoja mkubwa wenye theluji kichwani. Sivyo. Himalaya ni safu nyuma ya safu, ukuta nyuma ya ukuta, kwa urefu wa kilometa 2,400 hivi. Mtu atakaye kuivuka haendi kileleni. Hutafuta mahali ambapo ukuta umeinama kidogo, naye hupita hapo. Mahali kama hapo watu wa Tibeti na wa Ladakh hupaita «la», na sisi twaweza kusema kilango. Walakini vilango vya kule huweza kupita vilele vya kwetu: ncha ya Margherita, iliyo kichwa cha Ruwenzori, ina meta 5,109, Tanglang La, ambako malori hupita kila siku wakati wa kiangazi, inazidi meta 5,300.

Barabara tunayotaka kuwasimulia yatoka Manali, katika jimbo la Himachal Pradesh, kaskazini ya India, hata Leh, mji mkuu wa Ladakh. Tulipoipita, mwezi wa saba mwaka 2019, ilikuwa na kilometa zipatazo 475. Tulikuwa wanne, wana wa Kongo wote, tuliokwenda India kwa masomo: wawili wa Bukavu, mmoja wa Goma, mmoja wa Lubumbashi. Huyu wa Lubumbashi alikuwa mkubwa wetu, nasi tulimwita Yaya. Safari ilikuwa wazo lake. Kwa miaka mitatu picha ya barabara ile ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya kitanda chake, na kila mwezi aliweka fedha kidogo ndani ya kopo la maziwa. Wa Goma ndiye mdogo wetu. Kijana mwembamba, hodari wa mpira, asiyependa kuulizwa kama amechoka.

Gari tulilikodi pamoja na dereva wake, mzee wa Lahaul aliyepita njia ile tangu ujana wake. Tulimwita Baba. Alisema maneno machache, nusu Kihindi na nusu Kiingereza, na tangu siku ya kwanza alitupa amri moja: mchana twaweza kupanda tupendavyo, bali usiku sharti tulale chini.

Siku ya kwanza tulivuka Rohtang, meta 3,978. Mvua ilikuwa kubwa, tope likawa zito, na malori yalisimama mstari mmoja kama ng'ombe kwenye zizi. Wenyeji husema maana ya jina Rohtang ni lundo la maiti, kwa ajili ya wasafiri wengi waliokufa pale kwa tufani za theluji. Mwaka 1631 Padri Francisco de Azevedo, Mjesuiti Mreno, alifika Leh, akaonana na mfalme Sengge Namgyal, kisha akarudi katika India kwa njia ya Lahaul na Kullu, wakati baridi ilipokuwa imekwisha kuanza. Hakuwa na gari wala barabara. Sisi tulikaa juu ya viti vya sponji, tukanung'unika kwa sababu ya foleni! Siku hizi hata foleni ile imepungua sana, kwa maana mwezi wa kumi mwaka 2020 lilifunguliwa handaki la Atal, lenye urefu wa kilometa 9 hivi, lipitalo chini ya mlima. Wenye haraka hawaioni Rohtang tena.

Upande wa pili wa kilango tulistaajabu. Manali ni nchi ya misitu, miti mirefu, majani mabichi na matufaha. Tulipoanza kushuka katika Lahaul, mvua ikakatika kama iliyokatwa kwa kisu. Milima ikawa mitupu, ya rangi ya kutu na ya majivu, na shamba halionekani ila pale ambapo watu wamechimba mfereji. Sababu si ngumu. Mawingu ya masika hutoka baharini, hupanda mpaka ukuta wa kwanza, hapo huangusha mzigo wao, na nyuma ya ukuta hayana tena cha kutoa. Katika Tandi, ambako mito Chandra na Bhaga hukutana, tulijaza mafuta hata shingoni mwa tangi, maana kibao kilituonya ya kuwa pampu nyingine iko mbele kilometa 365.

Tulilala Keylong usiku mara mbili, karibu meta 3,100, ili miili yetu izoee. Siku ya tatu, alfajiri, Baba akatuamsha. Alikuwa na sababu ya kuharakisha: vijito vinavyokata barabara hutoka kwenye theluji, na asubuhi, baridi ingali kali, maji hufika kifundo cha mguu tu. Jua likipanda theluji huyeyuka, na saa tisa mchana kijito kile kile huweza kusukuma gari bondeni. Saa za njia ile hupimwa kwa maji.

Hapa yatupasa kusimama kidogo tuwaseme wanaoitengeneza barabara hii. Kazi ni ya shirika la serikali lililoundwa mwaka 1960 kwa barabara za mipakani. Bali mikono ni ya maskini wa Jharkhand, wa Bihar na wa Nepal, wanaokuja kiangazi na kurudi kabla theluji haijafunga njia. Tuliwaona wanaume kwa wanawake, nyuso zimefungwa vitambaa, wakipasua mawe kwa nyundo na kuchemsha lami ndani ya mapipa, moshi mweusi ukiwazunguka. Mtoto mchanga alilala ndani ya sanduku kando ya njia. Wasafiri hupiga picha ya mlima nyuma yao. Sisi tuliozaliwa Kivu twajua jinsi barabara isiyo na mtu wa kuitunza inavyorudi kuwa msitu. Kwa hiyo tulishuka, tukawapa mikate yetu, nao wakatushangaa sisi weusi kuliko tulivyowashangaa wao.

Baralacha La ina karibu meta 4,900. Juu kuna vitambaa vya sala vya Wabuddha, vya rangi tano, buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na manjano, vinavyopigwa na upepo mpaka vikawa nyuzi. Mwanga ni mkali wa kuumiza macho. Hewa ya pale yaweza kukudanganya: ni safi kabisa, kumbe ni haba. Kifua kikivuta pumzi nzima, hupata oksijeni ya nusu na ushee tu ya ile inayopatikana pwani. Tulitembea hatua ishirini kama vikongwe, tukacheka. Mdogo wetu alicheka pamoja nasi.

Jioni tukafika Sarchu, uwanda wenye mahema ya wasafiri, kama meta 4,300. Mwenye hema akatupa wali na maharage, nasi tukafurahi kana kwamba tumefika nyumbani. Mdogo wetu hakula. Alisema ameshiba chai.

Saa tano za usiku aliamka akatapika. Ndipo tulipojua kwamba kichwa kilikuwa kikimuuma tangu Keylong, naye alinyamaza asitukatishe safari. «Yaya, mimi mzima, kesho nitapona,» alisema. Lakini maneno yalitoka mazito, kama ya mlevi. Baba alikuja na taa. Hakumuuliza habari. Alichora mstari mchangani kwa kisigino, akamwambia atembee juu yake, unyayo mbele ya unyayo. Hatua ya tatu kijana akayumba, akaanguka juu ya mikono yetu.

Ugonjwa wa milimani una daraja zake. Kuumwa kichwa na kukosa hamu ya chakula ni onyo tu, na pengine kupumzika hutosha. Mtu akiyumba, ni dalili kwamba ubongo umeanza kuvimba. Akikohoa na kukosa pumzi hali ameketi, maji yameingia mapafuni. Kwa hayo dawa ya kwanza ni moja: kushuka, wala si kungoja asubuhi.

Kushuka wapi? Huo ndio mtego wa Sarchu. Mahali pale ni kama bakuli. Mbele kuna Lachulung La, inayozidi meta 5,000, na nyuma yake kambi ya Pang, ambako wanajeshi wa India huwapa wasafiri oksijeni. Lakini Pang yenyewe iko juu kuliko Sarchu. Nyuma yetu kuna Baralacha. Kila njia ya kushuka huanza kwa kupanda. Mmoja wetu alitaka twende Pang, kwa maana pana daktari, na tena, tusifiche, kwa maana ni upande wa Leh. Baba akatikisa kichwa. Alisema kwa vidole: saa moja na nusu kupanda Baralacha, kisha kila kilometa ni dawa. Tukamtazama Yaya. Naye alikuwa amekwisha kumfunga mdogo wetu blanketi la mwenye hema.

Usiku ule hatutausahau. Vijito vilikuwa vimepungua kama Baba alivyosema, ila kando zake barafu ilivunjika chini ya magurudumu kwa sauti ya vioo. Yaya alimkumbatia mgonjwa katika kiti cha nyuma, akimwuliza maswali ili asilale: jina la mama yake, majina ya shangazi zake, magoli aliyofunga, na mitaa ya Goma kwa utaratibu, toka ziwani hata uwanja wa ndege. Karibu na kilango majibu yakakoma. Tulisikia mota na pumzi zake tu. Tukasali, kila mtu kwa lugha ya mama yake. Baba hakuongeza mwendo wala hakupunguza.

Tulipita juu, tukaanza kushuka. Kabla ya kufika Darcha, meta kama 3,300, sauti dhaifu ikatoka nyuma: «Mtaa ule umeuruka, Yaya.»

Hospitalini Keylong walimpa oksijeni na dawa, na siku ya pili aliweza kula. Mganga akakataa kabisa asipande tena. Sasa likaja shauri la pili, gumu kwa namna yake. Sote tulikuwa tayari kurudi. Mdogo wetu akakasirika, akasema kama sote tutarudi kwa ajili yake atabeba aibu maisha yake yote. Kumwacha arudi Manali peke yake katika basi, hilo halikuwezekana. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Yaya alikaa kimya, kisha akasema yeye ndiye atakayemsindikiza. Tulipompinga, tukimkumbusha picha na kopo la maziwa, alitujibu, «Nani mkubwa hapa?» Hakusema neno jingine. Usiku alitupa daftari lake, akatuagiza tuandike kila kilango, kimo chake na saa tuliyopita.

Basi tuliobaki wawili tuliondoka pamoja na Baba saa tisa za usiku, ili tufike Leh siku ile ile, tusilale juu. Katika Sarchu tulisimama. Mwenye hema hatukuwa tumemlipa, na blanketi lake lilikuwa nasi. Alilipokea, akauliza habari za mgonjwa, kisha akachukua nusu ya fedha na kuturudishia nusu, kwa kuwa, alisema, tulilala nusu ya usiku.

Baada ya hapo huja Gata, mahali ambapo barabara hujikunja mara ishirini na moja ubavuni mwa mlima. Katika kona moja pana rundo la chupa za maji. Wapita njia huziacha kwa ajili ya utingo mmoja ambaye, kwa masimulizi yao, alibaki mgonjwa ndani ya lori lililoharibika, dereva akaenda kutafuta msaada, theluji ikafunga njia, na aliporudi alimkuta amekufa. Hatujui kama kisa ni cha kweli. Baba alishuka akaweka chupa, nasi tukaweka ya kwetu.

Tulipita Nakee La na Lachulung La, tukapita Pang, tukaingia uwanda wa More, kilometa 40 hivi za tambarare katika meta 4,700, ambako wachungaji Wachangpa hulisha mbuzi wenye manyoya ya thamani. Alasiri tukafika Tanglang La. Tulikaa pale dakika kumi tu. Kichwa kiligonga kidogo, na vidole vilikuwa vigumu hata kalamu ikakataa. Ikabidi tuipashe moto kwapani ili tuandike. Kutoka hapo tuliteremka mpaka mto Indus, wenye miti na mashamba ya shayiri kandokando, na magharibi tukaingia Leh, meta 3,500, yaani kimo cha Nyiragongo.

Mama wa nyumba tuliyolala alitupa chai ya siagi na chumvi. Tuliinywa kwa adabu. Kisha tukaomba simu, tukampigia Yaya Manali. Mdogo wetu alikuwa amelala, amekula sahani mbili. Yaya hakutuuliza kama Leh ni pazuri. Alisema, «Someni.» Tukafungua daftari, tukasoma kilango kwa kilango, kimo na saa, naye huko akaandika, na tulipofika Tanglang La akatuomba tusome tena.