Masikio yanayorudi Kasaji kutoka Kolwezi

Wandugu, hapa Kasaji mtu aliyetumika miaka mingi katika migodi ya Kolwezi unamtambua kabla hajajieleza. Anasema kwa nguvu hata mkiwa wawili tu chini ya mwembe. Redio yake inasikika mpaka barabarani. Ukimsalimu kutoka nyuma anapita tu, na wasiomjua wanasema ana majivuno.

Baba yangu mdogo ni mmoja wao. Alitoboa mwamba chini ya ardhi kwa mashini ya upepo, zamu baada ya zamu, halafu akarudi huku na godoro, baiskeli na masikio mabovu. Mwenyewe anasema: "Mu matwi yangu munalia sawa nyenze, usiku yote." Mimi ananisikia kwa sababu sauti yangu ni nzito. Sauti za wajukuu ndizo zinazompotea. Ukimwambia "samaki" anapata "amaki", na neno lililobaki analikisia kwa kuangalia midomo.

Ndivyo makelele yanavyoharibu. Ndani kabisa ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Makelele makali yanavichosha, kesho yake yanavichosha tena, mwishowe vinakufa, na havioti tena. Vile vya sauti nyembamba hutangulia kufa: s, f, sh, sauti ya mtoto, sauti ya ndege. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuvirudisha. Chombo cha kusaidia kusikia kinakuza sauti tu, na huku kwetu ni watu wangapi wanaweza kukinunua na kukitafutia betri?

Makelele yanapimwa kwa desibeli. Wataalamu wengi wa afya ya kazi wanaweka mpaka kwenye 85 kwa zamu ya saa 8. Hapo ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa maana hesabu hii haiendi kama ya kilo za mahindi. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unaoruhusiwa unakatika nusu. Kwenye 88 ni saa 4, kwenye 91 ni saa 2, kwenye 100 ni dakika 15. Mashini ya upepo ya kutoboa mwamba inapita 110. Baba mdogo alikuwa anamaliza haki ya masikio yake ya siku nzima kabla hata jasho halijamtoka. Kama huna kipimo, fanya hivi: simama hatua moja kutoka kwa mwenzako. Ikibidi upaze sauti ili akusikie, mahali hapo ni pabaya.

Yeye na wenzake walijiziba kwa pamba. Pamba kavu inasaidia kidogo sana. Vizibo vya sponji vinasaidia, lakini lazima mtu aonyeshwe namna: unanawa mikono kwanza, unakisokota kiwe chembamba, unavuta sikio juu kwa mkono wa pili, unakiingiza, unakishikilia mpaka kivimbe. Kijana anayekibandika mlangoni mwa sikio ni kama hajavaa kitu. Wengine wanavitoa wasije wakakosa kusikia kamioni inayorudi nyuma au mwenzao anayepiga kelele kwamba mwamba unashuka. Siwalaumu. Ndiyo maana mimi nasema kizibo kisiwe jibu la kwanza la shefu. Mashini itiwe mafuta, bati lililolegea lifungwe, jenereta ijengewe ukuta, watu wapokezane. Hayo ni kazi ya mwenye mashini, siyo ya mwenye sikio.

Vijana wetu wanaoondoka sasa, wengi hawaandikwi na kampuni ya mgodi yenyewe. Wanaandikwa na kampuni ndogo zinazopewa sehemu ya kazi, miezi michache hapa, miezi michache pale. Mtu akianza kukosa kusikia, kila mmoja anasema: alikuja kwetu hivyo. Kwa hiyo, wazazi mnaonisikia, mwambieni mtoto aombe masikio yake yapimwe siku ya kuingia kazini, na nakala ya karatasi aiweke nyumbani kwenu, siyo katika chumba cha kupanga. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002 inataka kamati ya usalama na usafi mahali pa kazi. Aulize wajumbe wake ni nani. Magonjwa yanayoletwa na kazi yako chini ya CNSS, lakini mtu asiye na karatasi, na ambaye bosi wake hajamwandikisha, atazunguka sana. Baba mdogo alizunguka miaka miwili, akachoka.

Familia zilizohamishwa Kolwezi kwa ajili ya migodi zinajua makelele ya namna nyingine. Mnamo Septemba 2023 Amnesty International na shirika la IBGDH walitoa ripoti juu ya watu kutolewa kwa nguvu katika nyumba zao sehemu hizo. Mama mmoja aliyekuja kukaa kwa dada yake hapa aliniambia kwamba walihesabiwa milango, mabati na miti ya maembe. Kuhusu masikio ya watoto waliolala karibu na baruti, hakuna aliyemuuliza. Mama, kama mtoto haitiki anapoitwa kutoka nyuma, au mwalimu anamwita mkaidi, mpeleke kwanza kituo cha afya wamwangalie masikio. Inaweza kuwa usaha tu, au nta, na hayo yanatibika.

Tusiitazame Kolwezi peke yake pia. Mashini zetu za kusaga mihogo na mahindi zinakwenda kwa mazutu, nyingine katika chumba kimoja na mteja. Kijana anayemimina nafaka anashinda humo toka asubuhi, na akina mama wanapanga mstari ndani, mtoto mgongoni, sikio lake likielekea injini. Mwenye mashini mmoja karibu na soko amehamisha injini nyuma ya ukuta wa matofali na kurefusha bomba la moshi mpaka nje. Mstari sasa unasimama chini ya mti, na bei ya kusaga haikupanda. Nimewauliza wengine wawili. Mmoja amesema ataangalia baada ya mavuno. Wa pili hakunisikia, nikalazimika kurudia mara tatu.