Kofia ya jino: mambo tuliyoulizana nyumbani

Katika familia yetu habari za kofia ya jino ziliingia kwa simu. Yaya wetu, aliyeondoka hapa Nyarugusu mwaka 2016 kwenda Marekani, alitupigia akiwa na hasira. Munganga wa meno amemwambia jino lake la nyuma, ambalo mzizi wake umekwisha kusafishwa, sasa lisagwe pande zote na kuvalishwa kofia. Yeye akaona ni wizi. Jino haliumi tena, ya nini kulipa mara ya pili? Alitaka sisi wa nyumbani tumwambie aache.

Hatukumwambia hivyo. Tulienda kwanza kumuuliza mtu wa meno, naye akatueleza kwa subira. Jino lililosafishwa mzizi halisikii maumivu, lakini limetobolewa katikati na kuta zake zimebaki nyembamba. Likiwa jino la kutafunia, siku moja unauma mfupa au muhindi wa kuchoma, linapasuka hadi chini ya ufizi. Hapo mara nyingi hakuna njia tena ila kung'oa. Kofia inalishika pande zote lisifunguke. Kumbe si pambo, kama yale meno ya dhahabu ya matajiri!

Yaya akauliza, watanifanya nini? Siku ya kwanza ni sindano ya ganzi, halafu wanasaga jino lipungue, wanachukua kipimo chake, na kukuwekea kofia ya muda. Hiyo ya muda imeshikwa kidogo tu, basi upande huo usitafune muwa wala pipi za kunata. Baada ya wiki mbili au tatu unarudi kugundishiwa ile yenyewe. Wengine wakishapata ya muda hawarudi tena, na hapo ndipo jino linapoharibika. Penye mashine maalum wanamaliza siku moja.

Kwa jino ambalo mzizi wake haujasafishwa, kusikia baridi siku chache ni kawaida. Lakini ukifunga mdomo ukaona kofia inagonga kabla ya meno mengine, usivumilie, rudi waipunguze. Ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu pesa, tulimwambia aombe bei kwa maandishi kabla ya kuanza, maana kule bima ya wenye kipato kidogo haifanani kila jimbo kwa meno ya watu wazima. Na aombe mkalimani, asimtumie mtoto wake kutafsiri mambo ya sindano.

Huku kambini, tuseme ukweli, jino bovu mara nyingi linaishia kung'olewa. Ndiyo maana akina mama na akina baba tunawaomba mwende tundu likiwa bado dogo, lizibwe tu. Kwa watoto iko kofia ya chuma ya magego ya utoto, inavalishwa siku moja, na hutoka pamoja na jino lenyewe mtoto akifika miaka 10 hadi 12 hivi.

Kofia haiozi, ila jino lililo chini yake linaoza, hasa pale linapokutana na ufizi. Piga mswaki hapo kila siku. Ikidondoka, ioshe, itunze, uipeleke kwa munganga. Usiibandike kwa gundi ya viatu. Na uso ukivimba, au kumeza kukiwa kugumu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.