Safu ya Makato

Ukiwa mkaguzi wa hesabu, orodha ya mishahara ni miongoni mwa karatasi za mwanzo unazoomba. Unapitia majina, kodi, michango ya hifadhi ya jamii, kisha unafika kwenye safu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Hapo ndipo jicho langu husimama. Watu wawili wa cheo kimoja na mshahara mmoja: huyu anakatwa, yule ana sifuri. Si kipimo kamili, maana wapo waliokopeshwa ilhali kwao wanajiweza. Lakini mara nyingi sifuri ile imenieleza habari za wazazi wa mtu kuliko cheti chake chochote.

Mimi nilikuwa wa kukatwa. Nimezaliwa Maswa kwa wakulima wa pamba, na nyumbani fedha ilionekana msimu wa mauzo tu. Nilipochaguliwa kwenda Shule ya Wavulana Tabora, baba aliuza ng'ombe, akanisindikiza hadi stesheni ya Malampaka. Shule ile ilianzishwa na Waingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma hapo. Baada ya Uhuru ikawa ya yeyote aliyefaulu, ndiyo maana mtoto wa jembe la mkono nililala bweni moja na mtoto wa mkurugenzi, tukanywa uji ule ule. Naamini hadi leo kwamba ni machache nchi hii imeyafanya kwa haki kuliko hilo. Nilipofika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Bodi ya Mikopo ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kazi, mwaka 2005. Bila mkopo ningerudi shambani.

Tofauti kati yetu tuliokopa na wasiokopa zilijitokeza kazini. Mwenye nyumba Sinza alitaka kodi ya mwaka mzima, taslimu, na mshahara wa kwanza ulikuwa bado. Nikajibanza kwa binamu yangu Mbagala, naamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Mwenzangu tuliyeajiriwa pamoja alikuwa analala kwao Mikocheni na kula kwao. Akiba yake ya mwanzo alinunulia kiwanja Goba. Alikuwa rafiki wa kweli, hakuwa na makuu. Akajisajili mitihani ya uhasibu ya NBAA mapema. Mimi ada yangu ilikuwa mfukoni tayari, simu ikaita. "Shikamoo kaka. Shule wamenirudisha nyumbani, wanataka ada." Nikaituma jioni ile ile, na ningeituma tena leo. Yeye akapata CPA mbele yangu, na cheo kikamfuata. Mabosi waliotutazama waliona mmoja ana bidii, mwingine anasuasua, na waliandika hivyo kwenye tathmini zetu.

Sheria ya 2016 ilipandisha makato ya mkopo kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Kulipa deni sikukuona ubaya, kwa kuwa fedha ile inamsomesha mwingine aliyetoka nilikotoka. Kilichoniuma ni tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kwa mwaka: unakatwa kila mwezi na deni halionekani kupungua. Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuiondoa mwaka 2021, nusu ya ofisi yetu ilishangilia. Nusu nyingine ilibidi waelezwe kilichokuwa kinashangiliwa.

Sasa mimi ni miongoni mwa wanaoajiri. Niliomba ofisi iwakopeshe waajiriwa wapya fedha za pango, wakatwe kidogo kidogo bila riba. Mkuu mmoja, naye mtoto wa mkulima, alipinga: sisi nani alitusaidia? Nikamjibu kuwa tulisaidiwa na ng'ombe wa baba zetu, na huyu kijana tuliyemwajiri jana kwao hawana hata ng'ombe huyo. Utaratibu ukapita.

Binti yangu anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar. Mungu akijalia, ataanza kazi akilala kwetu, na safu yake itakuwa na sifuri. Mtoto wa dada yangu yuko shule ya kata kule Maswa, na anamshinda binti yangu hesabu. Hosteli yake nailipia mimi, na nimeshamwambia dada akiba ya chuo cha mtoto huyo inawekwa pamoja na ya binti yangu, katika akaunti moja, kwa kiasi kimoja.